Kibao Kabla ya Zege

Mhadhara wa wazi kwa wakazi wa Kashaulili, Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi

Nimeombwa kuzungumza juu ya usafiri wa treni za mjini, nami nimechagua kipande chake ambacho wengi hukiona kidogo: vibao. Nazungumzia majina ya stesheni, mishale, rangi za njia na saa zinazobandikwa ukutani. Nazungumzia pia jengo lenyewe la stesheni, jinsi linavyomwelekeza mtu au linavyompoteza.

Najua wapo wanaojiuliza, Mpanda na treni za mjini wapi na wapi? Ni kweli kwamba Tanzania bado haina treni nyepesi ya mjini, ile ya umeme inayokatiza mitaani na kusimama kila baada ya mwendo mfupi. Lakini reli si ngeni kwetu. Tawi letu la kutoka Kaliua, kilomita 210, lilikamilika mwaka 1950, na lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Lilikusudiwa kubeba mawe, na mawe hayasomi. Abiria walikuja kuitumia reli iliyopangwa kwa ajili ya mzigo, wakaizoea, wakajifunza kuuliza. Sasa reli ya kisasa ya kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi bandari ya Karema imo katika mipango ya nchi. Siku itakapofika, michoro itakuja imeshachorwa, na vibao vitafikiriwa mwisho kabisa, zege limekauka na fedha zimebaki kidogo. Hoja yangu ni kwamba kibao kitangulie zege. Tuamue kwanza abiria atasoma nini na atakuwa amesimama wapi, kisha ndipo tujue mlango ukae upande gani na ngazi ielekee wapi.

Tuanze na msomaji mwenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mkoa umeongezeka maradufu ndani ya miaka 10. Ongezeko hilo halikutokana na watoto waliozaliwa peke yao. Wamekuja wafugaji na wakulima kutoka Usukuma, wachimbaji wa dhahabu, wafanyabiashara wa mpunga. Katumba wapo ndugu zetu ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na leo wengi wao ni raia wenzetu. Kwa hiyo mji huu una wenyeji wachache kuliko unavyodhani ukikaa kibarazani na wazee unaowafahamu. Kila siku anashuka mtu ambaye hajui Makanyagio iko wapi, na anaona aibu kuuliza mara ya tatu.

Naomba mumtazame abiria mmoja kwa makini. Ni mama, ameshuka usiku, mtoto yuko mgongoni, gunia la mchele liko kichwani, mkono mmoja umeshika gunia na mwingine umeshika mtoto wa pili. Simu imezima chaji. Sasa kumbukeni vibao vya stesheni kubwa za kisasa vinaning'inia wapi: darini. Mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kuinua uso. Anaona mbele yake kwa usawa wa macho, na anaona sakafu. Kila kibao kilichotundikwa juu, hata kiwe kizuri namna gani, kwake hakipo. Nimesimama mara nyingi mlangoni mwa stesheni nikiangalia shingo za watu, na nawaambia kwa uhakika kwamba wenye mizigo kichwani hawafuati mishale. Wanafuata visigino vya aliyetangulia, na aliyetangulia akipotea, wanapotea wote.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Mstari mpana wa rangi uchorwe sakafuni kutoka jukwaani hadi mlango wa kutokea, na jina la stesheni liandikwe ukutani na kwenye nguzo, kwa usawa wa macho, lirudiwe kila baada ya hatua chache. Jina likionekana mara moja tu mwisho wa jukwaa, abiria aliye katika behewa la katikati halioni hata kidogo. Treni inaposimama, kila dirisha linapaswa kuwa na jina mbele yake.

Sasa twende Addis Ababa, kwa kuwa ndiko Afrika Mashariki ilikotangulia. Treni nyepesi ya Addis ilianza kazi Septemba 2015, ikiwa na vituo 39 na njia mbili, moja kutoka kaskazini kwenda kusini na nyingine kutoka mashariki kwenda magharibi. Moja ni ya buluu na nyingine ni ya kijani, na rangi hizo zimepakwa kwenye treni zenyewe. Nausifu uamuzi huo. Katikati ya mji njia hizo mbili zinatumia reli moja kwa vituo vitano, kwa hiyo treni mbili zinazoelekea sehemu tofauti zinasimama jukwaa lile lile, zikipishana kwa dakika. Hapo ndipo rangi inapofanya kazi ambayo maandishi hayaiwezi. Abiria akiwa bado mbali, kabla hajasoma neno lolote, ameshajua kama treni inayokuja ni yake au asubiri nyingine.

Sisi tuliokulia kwenye daladala tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Dar es Salaam daladala zina mikanda ya rangi ubavuni kulingana na njia, na mtoto wa shule anajua rangi ya kwao kabla hajajua kusoma neno Mbagala. Lakini rangi isiachwe peke yake. Jioni, vumbi la Septemba likitanda, buluu na kijani hukaribiana sana, na wapo watu ambao macho yao hayatofautishi baadhi ya rangi tangu kuzaliwa. Rangi iambatane na herufi kubwa au umbo: duara kwa njia moja, pembetatu kwa nyingine. Gharama yake ni ile ile, ilimradi iamuliwe mapema.

Kitu kingine kutoka Addis nakisema kwa masikitiko. Baadhi ya treni zake zimesimama kwa kukosa vipuri kutoka nje. Vibao navyo vinaweza kupatwa na balaa hilo. Kibao cha kioo chenye umeme ndani kikiharibika hapa Mpanda, nani atakitengeneza? Mji wetu ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, ukitegemea jenereta za mafuta, na kila mmoja hapa anakumbuka giza lilivyokuwa. Napendekeza vibao vya bati vyenye rangi inayoakisi mwanga, ambavyo fundi wetu wa hapa anaweza kuvikata, kuvipaka na kuvirudisha ukutani siku hiyo hiyo. Taa ziwepo, bila shaka. Ila jina la stesheni lisomeke hata kwa tochi ya simu.

Suala la majina ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, yalikuwa na njia kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Waliopanga vituo wangeweza kuvipa majina mapya ya heshima. Badala yake, tazameni vituo vyenyewe: Bucha, Baruti, Kona, Mwembechai, Magomeni Mapipa, Fire, Mwanamboka. Ni majina yaliyotoka midomoni mwa makonda na abiria kwa miaka mingi. Huo ni uamuzi wa busara kabisa, kwa sababu siku ya kwanza ya huduma abiria hakuwa na jina jipya la kujifunza. Alishuka Mapipa kama alivyoshuka jana. Watu wasipopewa jina wanalolikubali, wanatunga lao. Treni ya mjini iliyoanza Dar mwezi Oktoba 2012 kwenye reli za zamani, watu waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, na jina hilo likashika.

Kuna suala la kuenzi viongozi. Stesheni ya reli ya kisasa ya Dar es Salaam imepewa jina la hayati Rais John Magufuli, na ya Dodoma jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Ni heshima inayostahili. Ninachoomba ni kuhusu ukubwa wa herufi tu. Abiria aliyelala usingizi Gulwe akizinduka na kuchungulia dirishani, anatafuta neno moja, Dodoma. Jina la mji likae juu, kwa herufi kubwa kuliko zote, na jina la heshima likae chini yake kwa unadhifu. Yote mawili yanaenea kwenye bati moja. Katika reli ya zamani ya Kenya na Uganda, kibao cha stesheni kiliandika jina, kisha mwinuko kutoka usawa wa bahari kwa futi, kisha maili za kutoka Mombasa. Mtu alijua alipo kwenye dunia. Ningependa kukiona kibao cha Mpanda kinachosema kilomita za kwenda Kaliua upande mmoja na za kwenda Karema upande wa pili, kila upande na mshale wake. Msafiri atajua hata kichwa cha treni kinaelekea wapi, na hilo ndilo swali linaloulizwa jukwaani kuliko maswali yote.

Niruhusuni sasa niingie kwenye herufi zenyewe, maana jina la kata hii ni mtihani mzuri wa kazi yangu. Andikeni Kashaulili kwa mwandiko wa kawaida wa mabango, usio na nakshi, kisha rudini nyuma hatua 30. Mwanzo wa neno unasomeka vizuri, una K kubwa, una h iliyonyooka. Mwisho wake ni l, i, l, i: mistari minne iliyosimama wima, imebanana. Kwa mbali inakuwa ua wa fito. Anayelijua jina atalikisia. Mgeni hataweza.

Tatizo hili lilishatatuliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1916 treni za chini ya ardhi za London zilianza kutumia herufi zilizochorwa na Edward Johnston. Katika herufi zake, l ndogo ina mkia uliopinda kulia pale chini, na nukta ya i imesimama kwa pembe yake kama almasi. Mkia ule mdogo ndio unaoitenganisha l na i, na pia unaitenganisha na I kubwa. Miaka ya 1950 na 1960, Jock Kinneir na Margaret Calvert walipotengeneza upya alama za barabara za Uingereza, waliacha kuandika majina kwa herufi kubwa tupu. Wakaanza na herufi kubwa moja kisha ndogo, wakaongeza nafasi kati ya herufi na herufi, kwa sababu dereva hutambua umbo zima la neno kabla hajalisoma. Kiswahili kinahitaji uangalifu huo kuliko hata Kiingereza. Majina yetu ni marefu, yanaishia kwa irabu, na mengi yanaanza kwa silabi zinazofanana: Kawajense, Kakese, Kasokola, Kashaulili, Kazima. Yakiandikwa kwa herufi kubwa zilizobanana, kwa mbali yote ni KA na ukungu. Basi tudai mambo matatu kwa mwandishi wa vibao: l yenye mkia, nukta ya i inayoonekana, na nafasi ya kutosha. Kwa desturi ya kazi hii, herufi yenye kimo cha sentimita 10 inasomeka vizuri hadi kama mita 30. Anayetaka isomwe kutoka ng'ambo ya barabara ajipimie hapo.

Je, na wasiosoma? Wapo, na nauli yao ni sawa na ya wanaosoma. Jibu bora ninalolijua lilitoka Mexico. Reli ya chini ya ardhi ya jiji la Mexico ilipofunguliwa mwaka 1969, mchoraji Mmarekani Lance Wyman alikuwa ameshiriki kuipa kila stesheni picha yake. Chapultepec ni panzi, kwa sababu jina hilo kwa lugha ya Waazteki linahusu kilima cha panzi. Merced, penye soko, ni kreti ya matunda. Pino Suárez ni hekalu dogo, kwa sababu wachimbaji walilikuta hekalu la kale pale pale walipokuwa wakichimba stesheni. Mtu akimwelekeza bibi yake, anamwambia shuka kwenye panzi. Na picha hizo hazikuwa za wasiosoma peke yao. Wanaosoma nao wanazitumia kila siku, kwa kuwa jicho linawahi kutambua picha kuliko neno.

Fikirini reli yetu ikipewa picha. Ugalla ni mto, na kiboko anaufaa. Inyonga ingekuwa kwenye reli, ningesema mzinga wa nyuki bila kusita. Sina haki ya kuwachagulia picha ya Mpanda. Naweza tu kuwashauri kwamba picha iwe ya kitu ambacho mtoto wa miaka sita anaweza kukichora mchangani kwa kijiti, na ambacho hakifanani na picha ya stesheni jirani. Twiga na swala kwa mbali ni mnyama yule yule.

Na sasa saa. Hapa watu wanapoteza nauli na misiba inazikwa bila wao. Tiketi za kisasa zinaandikwa kwa saa 24 za kimataifa. Inaandikwa 06:00. Mzee anasoma sita, anakuja saa sita mchana, treni iliondoka saa kumi na mbili alfajiri. Tena hiyo ndiyo nafuu. Chukueni treni inayoondoka 01:00 siku ya Jumatano. Kwetu hiyo ni saa saba usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Tiketi inasema Jumatano, abiria anakula chakula cha jioni Jumatano, anaaga majirani, anafika stesheni usiku huo na kukuta treni ilishakwenda usiku uliopita. Abiria huyo hakukosea. Alisoma kalenda kama alivyolelewa.

Ubao wa ratiba katika nchi hii uandike saa yetu kwanza na kwa herufi kubwa, saa 12:00 alfajiri, na pembeni kwa herufi ndogo 06:00 kwa ajili ya wageni. Na safari za usiku wa manane ziandikwe bila mkato: usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Mstari utakuwa mrefu. Uacheni uwe mrefu. Ukuta wa stesheni una nafasi.

Nimebakiza jengo. Reli mpya za kwetu zimejengewa stesheni za fahari. Ya Dar es Salaam imechukua umbo la tanzanaiti. Ya Mombasa, iliyofunguliwa pamoja na reli ya Kenya Mei 2017, imechukua viwimbi vya maji yanayotawanyika kwa duara. Naona fahari nikiyatazama majengo hayo, nisidhaniwe kuyabeza. Lakini umbo la paa huonekana na mtu aliye nje, mbali, au aliye kwenye ndege. Anayeingia anataka kitu kingine: akivuka mlango, aione treni. Stesheni ambayo ukisimama mlangoni unaona moja kwa moja dirisha la tiketi, kisha geti, kisha jukwaa, inahitaji vibao vichache sana. Stesheni yenye kona tano na ngazi mbili zinazofanana itahitaji vibao 50, na watu bado watauliza. Kila kibao cha ziada ni dalili kwamba mchoraji wa jengo aliacha kazi nusu. Ndiyo maana nasisitiza wachora vibao waitwe siku ya kwanza, wakae meza moja na wahandisi.

Na mlango wa kutokea haumalizi safari. Stesheni ya Nairobi ya reli ya kisasa iko Syokimau, nje ya katikati ya jiji, na abiria wa kwenda mjini huunganisha na treni nyingine. Hapa kwetu muunganisho ni bodaboda na bajaji. Kijiwe chao kiwe ndani ya mchoro, chini ya paa, upande ule ambako mstari wa sakafuni unaishia, na pawe na kibao kikubwa kinachoonyesha mitaa kwa majina yanayotumika, pamoja na nauli elekezi ya mchana na ya usiku. Yule mama mwenye gunia asilazimike kujadiliana bei gizani.

Kabla mchoro wowote haujapigwa muhuri, naomba manispaa ifanye jaribio moja hapa Kashaulili. Jina liandikwe kwenye turubai kwa ukubwa ule ule uliopendekezwa, litundikwe mahali palipopangwa. Waitwe watu wa aina zote, mwenye miwani na asiye nayo, mwenye gunia kichwani, mtoto, mgeni aliyefika juzi, na mwenye kiti cha magurudumu. Wapite jioni, taa zimezimwa. Pale wanaposimama na kusitasita papigwe alama ya chaki. Chaki zikihesabiwa, wahandisi wahamishe mlango au wahamishe kibao. Turubai na chaki ni fedha ndogo mno ukilinganisha na kuvunja ukuta baadaye.

Sasa naomba maswali. Ningependa madereva wa bodaboda waanze, kwa kuwa nina daftari hapa na nataka niyaandike majina ya mitaa na vijiwe kama mnavyoyataja nyinyi wenyewe, kuanzia barabara ya stesheni.